Sumaku Kutoka Katika Asidi Iliyokwisha Nguvu

Kabla bamba la chuma halijapakwa zinki, hutumbukizwa katika asidi ya hidrokloriki ili kutu na magamba yake yatoke. Mabamba mengi yakishapita, asidi hukwisha nguvu na kubaki maji ya kijani yaliyosheheni kloridi ya chuma, ambayo huweza kubeba zaidi ya gramu 100 za chuma katika kila lita. Mara nyingi makali yake huuawa kwa chokaa, kisha tope linalopatikana hufukiwa ardhini, jambo ambalo kwangu ni ubadhirifu mtupu.

Karibu chuma chote kilichomo ni ioni (atomu zenye chaji ya umeme) za chaji mbili, ilhali magnetaiti (Fe₃O₄), oksaidi nyeusi ya chuma inayovutwa na sumaku, huhitaji theluthi mbili za ioni zake za chuma ziwe za chaji tatu. Kwa hiyo huongezwa alkali, maji yakapashwa moto na kupulizwa hewa taratibu, mpaka mashapo ya kijani yaive na kuwa meusi tititi. Ukiweka sumaku nje ya chupa, weusi wote hukimbilia upande huo na maji yakabaki maangavu. Hewa ikizidi au alkali ikipungua, hupatikana unga wa manjano au kahawia usiovutwa na sumaku.

Kazi ngumu, hata hivyo, iko kwenye uchafu. Zinki kidogo huongeza usumaku, kwa kuwa ioni zake hukaa mahali ambapo usumaku wa ioni za chuma ungeelekea kinyume na ule wa ioni nyingine za chuma. Ikizidi mno, usumaku karibu hutoweka katika joto la kawaida. Silika (oksaidi ya silikoni) nayo huharibu feraiti laini, yaani kauri za oksaidi ya chuma ambazo usumaku wake hugeuka kwa urahisi, za viini vya transfoma, kwani huvuruga ukuaji wa chembe wakati wa kuoka, lakini katika sumaku za kudumu watengenezaji huiongeza kidogo kwa makusudi ili chembe zisikue kupita kiasi. Ndiyo maana napinga desturi ya kumwaga maji ya matangi yote katika shimo moja.

Kwa kiwanda kikubwa ningechagua kunyunyizia maji hayo ndani ya tanuri: asidi hurudi kutumika, na oksaidi ya chuma inayobaki huchanganywa na kaboneti ya strontiamu, ikaokwa kwa zaidi ya nyuzi 1,000 za Selsiasi kuwa feraiti ya spika na mota. Njia ya alkali haihitaji tanuri, ila huacha maji ya chumvi ambayo nayo lazima yatafutiwe pa kwenda.