Betri ya moyo na kitochi cha mfuko wa kushoto

Mfuko wa shati uko kushoto. Betri ya moyo nayo, yaani kile kifaa kidogo cha kuusukuma moyo upige (pacemaker), mara nyingi hupachikwa kushoto, chini kidogo ya mtulinga. Mzee katoka Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete kule Dar es Salaam, karudi zake Mpwapwa, kavaa Kaunda suti, na kitochi, ile simu ndogo ya vitufe, kimelala juu kabisa ya kile kifaa, katikati kitambaa na ngozi tu. Kina mama wana mfuko wao usioonekana, sidiria, ambao ni mbaya vilevile: simu ikikaa karibu mno na kifaa hicho inaweza kukivuruga.

Kipimo cha kushika, kati ya simu na kifaa, ni sentimita 15. Ni urefu wa rula iliyo kwenye mkebe wa hesabu wa mwanafunzi, kwa hiyo hakuna nyumba itakayokosa kipimo. Simu ikae mfuko wa suruali au kwenye mkoba. Kama betri iko kushoto, ongea kwa sikio la kulia, na usiibane simu begani huku mikono ikifanya kazi nyingine. Kamba ya kuning'iniza simu shingoni, iache kabisa.

Sababu yenyewe ni hii. Betri ya moyo husikiliza umeme mdogo mno wa moyo, milivolti chache tu. Ikisikia moyo umepiga wenyewe, inanyamaza, isiposikia, inausukuma. Simu ya 2G haitoi mawimbi mfululizo. Huyatoa kwa vipande, 217 kila sekunde, na ndivyo hivyo vinavyoifanya redio ya mezani ikorome "trrr-trrr" kabla simu haijaita. Kifaa kikidhani hayo ni mapigo ya moyo, kinaweza kunyamaza wakati kinahitajika. Vifaa vya siku hizi vina ganda la titani na vichujio, hivyo hutokea kwa nadra. Na mara nyingi, simu ikiondolewa, kifaa hurudi katika kazi yake ya kawaida. Basi mtu akipata kizunguzungu au moyo kwenda mbio akiwa anaongea, aiweke simu mbali kwanza. Akizimia, au hali isipotulia, ni hospitali moja kwa moja, na ile kadi ya kifaa iwe mkononi.

Ugumu wa huku kwetu ni kwamba wazee wengi wana vitochi vya 2G, na vijiji vingi vina mtandao wa kijiti kimoja. Simu hupunguza au kuongeza nguvu kulingana na jinsi mnara unavyoisikia. Kwenye masafa ya megahezi 900, simu ya 2G inaweza kushuka hadi wati 0.003 ukiwa jirani na mnara, na ikapanda hadi wati 2 ukiwa bondeni: tofauti ya zaidi ya mara 600. Wati hizo 2 hutoka kwa moja ya nane tu ya muda, kwa hiyo wastani ni 0.25, karibu sawa na 4G ikiwa imefika kileleni. Lakini kinachoisumbua betri ya moyo ni vile vipande vya mawimbi, wastani hauisaidii.

Ndiyo maana nyumba ya bati yenye madirisha madogo si mahali pa kuongea simu ndefu. Toka mlangoni, au panda pale mtaani mnapojua mtandao unashika. Ndani ya behewa la treni ya SGR, kwenye mahandaki ya Kilosa, simu inahangaika kutafuta mnara. Tuma ujumbe baadaye, au weka hali ya ndegeni. Na wanaolalamika kwamba mnara umejengwa karibu na mtaa wao wakumbuke kwamba simu iliyogusa shavu huwapa mawimbi mengi kuliko mnara ule, na mnara ukiwa karibu simu hiyo hiyo inapunguza nguvu. Vile vibandiko vya "kuzuia mionzi" vinavyouzwa sokoni ni hasara tupu. Kama kweli vingezuia, simu ingepandisha nguvu ili isikike.

Kwa simu janja mpya, sumaku inahitaji uangalifu wa pekee. iPhone nyingi kuanzia 12 zina duara la sumaku mgongoni. Apple wenyewe wanasema zikae zaidi ya sentimita 15 kutoka kwenye kifaa cha moyo, na zaidi ya 30 zikiwa zinachajiwa bila waya. Kava la kukunja lenye kibano cha sumaku na hedifoni ni kundi hilo hilo. Sumaku ikikaribia, betri ya kawaida huanza kupiga kwa kasi moja bila kuusikiliza moyo. Kuna kifaa kingine kinachopachikwa kifuani, cha kushtua moyo: hicho sumaku ikikikaribia huacha kushtua. Mwenye nacho huenda asihisi chochote hadi siku atakapokihitaji.

Wodini, weka simu angalau mita 1 kutoka kwenye mashine ya kupumulia, pampu ya dripu, monita na kitanda joto cha mtoto njiti. Usiilaze juu ya mashine kwa sababu tu soketi ya chaja iko pale. Wagombana na ndugu wa mgonjwa kuhusu simu, kisha mlinzi anapita na redio koli inayoweza kutoa wati 4 au 5 papo hapo anapobonyeza: huyo ndiye wa kuombwa azungumzie nje.

Anayetumia kifaa cha kusaidia kusikia akisikia mvumo, ajaribu kwanza kukiweka kwenye alama ya T kama ipo, au aongee kwa spika simu ikiwa mezani.