Fungate yetu tunaipanga kwa kufuata maji

Harusi ni mwisho wa Septemba na watu wote wananiuliza habari za ukumbi, keki, sare za wasimamizi, nawajibu vizuri tu lakini kwakweli kichwa changu kiko Unguja. Ukumbi ni wa wageni, fungate ni yetu wawili. Na huyu mwenzangu ni mtu wa Iringa, bahari anaijua ya Coco Beach Jumapili jioni basi, kwa hiyo nataka aione bahari yenyewe na aipende.

Hoteli zikishajua ni fungate zinakutumia ratiba yao, asubuhi pomboo, mchana shamba la viungo, jioni dina ya mishumaa, kesho yake tena hivohivo mpaka siku ya kuondoka. Nikamrushia mamkubwa wangu, yeye kaolewa Jambiani miaka mingi, akasikiliza voisi yangu yote halafu akanijibu kwa swali: "Mwanangu, mwezi ushautazama?"

Hapo ndo mpango wetu wote umetokea. Ile pwani ya mashariki, Paje, Bwejuu, Jambiani, maji yakitoka yanatoka kweli, unabaki mchanga na majani na vidimbwi mpaka kule mbali mawimbi yanapovunjikia kwenye mwamba, na huogelei mpaka yarudi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndo bamvua, maji yanajaa sana na yanakauka sana, tofauti inakaribia mita 4, halafu mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayaendi mbali na hayajai sana. Siku za bamvua Unguja yanakauka kwenye saa nne asubuhi hivi na yanajaa kwenye saa kumi jioni, na kila siku yanachelewa kama dakika 50. Yani mtu anayelipia "kuogelea asubuhi Jambiani" wiki ya mwezi mpevu amelipia kutembea mchangani! Na hamna anayemwambia kabla hajalipa, kitu ambacho kinaniuma kwa sababu watu wanajinyima miaka kwa ajili ya hizo siku chache.

Siku zetu zinaangukia mwezi mpevu, basi sawa, tunaanzia huko huko Jambiani. Asubuhi maji yakitoka tutaingia na kina mama wa mwani, mamkubwa atatuombea kwa jirani yake na tutamlipa muda wake. Mwani unalimwa Unguja tangu 1989, kwa vijiti na kamba, wakulima wengi ni wanawake, wanainama kwenye jua na maji ya chumvi masaa mpaka bahari irudi. Mi naona mtu akija kustarehe ajue pale anapopiga picha ni shamba la mtu, asikanyage kamba. Viatu vya maji nishanunua, kule chini kuna wale wadudu wa baharini weusi wenye miiba sina hamu nao.

Mchana tunakula kwa mamkubwa, hapo sibishani na mtu yeyote. Pweza wake wa nazi ana hatua zake, anapigwa kwanza mpaka alegee, anachemshwa polepole bila haraka, ndo anaingia kwenye tui zito na bizari na ndimu, na wali wa nazi pembeni na kachumbari kali. Mwenzangu hajawahi kula pweza na ananiambia ataangalia kwanza, nimemwambia sawa baba, harufu yenyewe itakuita. Maji yakijaa alasiri ndo tunaingia kuogelea tumeshiba na kupumzika.

Kitu kimoja cha gharama tumekubaliana, ule mgahawa wa The Rock pale Michamvi Pingwe, uko juu ya jiwe baharini, maji yakitoka unaenda kwa miguu, yakijaa unavushwa kwa boti. Sisi tunataka ya boti kwa hiyo tunabuku alasiri. Tukitoka tunazunguka upande wa pili, Michamvi Kae, kule kunatazama Ghuba ya Chwaka na jua linazama mbele yako, jambo ambalo pwani ya mashariki huku kwingine hulipati.

Pomboo wa Kizimkazi nimewatoa. Boti zinawakimbiza, watu wanarukia kichwani mwao, siwezi kuanza ndoa yangu kwa kumsumbua mnyama na watoto wake. Badala yake tunapita msitu wa Jozani kuwaona kima punju ambao asili yao ni Unguja tu, mnasimama mbali mnawaangalia, hamuwalishi, na hela ya kiingilio inalinda msitu.

Halafu Kendwa. Kule kaskazini maji hayakimbii sana, unaogelea karibu muda wowote, na ndo sababu nimepaweka baada ya Jambiani, nataka ajifunze kuogelea taratibu bila kuangalia saa. Kendwa sijaandika kitu chochote kwenye ratiba. Harusi zetu zinachosha jamani, vikao, michango, kitchen party, send-off, ndugu wa pande zote mbili, na sisi tangu tuvishane pete tumeongea bajeti kuliko tulivyoongea mengine yoyote. Nataka tuamke tusiwe na dereva anayetusubiri nje.

Mjini tunamalizia kwa sababu ya boti ya kurudi Dar, ni kama masaa mawili tu. Stone Town nguo za kufunika mabega na magoti, wenyeji ni watu wa staha na sisi ni wageni wao. Asubuhi Darajani sokoni, jioni kahawa ya vikombe vidogo Jaws Corner, giza likianza Forodhani. Pale uulize bei kabla hujanyoosha kidole kwenye samaki. Urojo nitamwagizia mimi mwenyewe, ule mzito wa njano wenye ukali wa ukwaju na embe mbichi, kachori, bhajia, viazi, mishkaki, chipsi za muhogo juu, chatini ya nazi na pilipili aweke mwenyewe asije akalia. Na juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi.

Kimebaki kitu kimoja tulikuwa tunavutana, dina ya mishumaa ufukweni. Yeye anaitaka, anasema ataniona vizuri nikiwa sina haraka, na bei yake ni ya dola. Jana tumemaliza, mishumaa ataileta yeye kwenye begi na tutaiwasha uani kwa mamkubwa, ile hela tunampa mamkubwa anifundishe pweza wake kuanzia kumpiga mpaka tui, na mwenzangu kapangiwa kukuna nazi.