Siku tuliyopanda kilima cha Élancourt kumshangilia Hatherly

Julai 29, 2024 mimi na kaka yangu tuliamka alfajiri tukadaka treni pale Montparnasse kuelekea upande wa Saint-Quentin-en-Yvelines, behewa zima bendera za Ufaransa tupu, sisi tuna kibendera kimoja tu cha Afrika Kusini. Tumezaliwa Tanga, ila siku ile Alan Hatherly, mwendesha baiskeli za milimani wa Afrika Kusini kwenye Olimpiki ya Paris, alikuwa wetu kabisa.

Ukishuka stesheni ni mguu mrefu halafu ndo unaanza kupanda. Kilima kina mita 231, hakuna kirefu zaidi mkoa mzima wa Paris, na zamani palikuwa machimbo ya mawe kisha pakawa dampo. Jua kali, maji yetu yakaisha hata mbio hazijaanza.

Baiskeli za milimani zina mashindano mengi, kuna daunhili wanateremka mmoja mmoja wakipimwa kwa saa, kuna enduro, wanateremka vipande kadhaa muda unajumlishwa, ila Olimpiki tangu Atlanta 1996 wanachukua kroskantri peke yake, yaani wote wanaanza pamoja, siku ile ilikuwa raundi nane, anayetangulia kufika ndo bingwa.

Tulikaa kwenye mteremko wa mawe. Aisee kwenye TV huoni ule ukali! Jamaa wanapita hatua mbili kutoka ulipo, makalio nyuma ya siti, vidole viwili juu ya breki, halafu vumbi lao linakuingia mdomoni. Katikati ya mbio Mwingereza Tom Pidcock akapata pancha, na sheria hairuhusu kubadili baiskeli, ikabidi aivute hivyohivyo mpaka eneo la mafundi wambadilishie tairi, sa hapo kila mtu pembeni yangu akajua kwisha habari yake. Akarudi! Akawafukuzia mpaka kawapata, raundi ya mwisho kule msituni akampita Mfaransa Victor Koretzky wamegawana mti, huyu kushoto huyu kulia. Wafaransa wakamzomea, sikupenda kabisa, mtu kapigana vile.

Ila mimi macho yalikuwa kwa Hatherly. Alikaa na wale wawili mpaka mwisho, akamaliza wa tatu, na hiyo shaba ndo medali ya kwanza ya Afrika kwenye baiskeli za milimani Olimpiki. Kaka alilia. Mama mmoja wa Kifaransa akamuuliza kama hiyo ni bendera ya kwao, akajibu ndiyo.