In- ya Kiingereza haikanushi kila mara
Ukiona INFLAMMABLE kwenye tangi la petroli, weka kiberiti mbali: maana yake ni kitu kinachoshika moto upesi, sawasawa na flammable. In- hiyo ya mwanzo wa neno si ya kukanusha kama ya incorrect (si sahihi). Imetoka kwenye kitenzi cha Kilatini inflammare, yaani kuwasha moto. Kisichoshika moto ni non-flammable. Ndiyo maana lebo nyingi za usalama siku hizi huandika flammable tu, na wamefanya la maana, kwa sababu hapa kosa la kusoma linaunguza watu.

Invaluable inakanusha kweli, ila inachokanusha ni uwezekano wa kutaja bei. Bosi akiandika your help was invaluable, amekusifu. Kisicho na thamani ni worthless. Infamous je? Maarufu kwa ubaya. Usimwandikie msanii unayempenda!