Mwanamfalme na kifungo kimoja

Kalamu ya wino niliambiwa niiache kabatini. Mle ndani ni penseli tu. Siku yangu ya mapumziko hiyo, nikaitumia British Museum, makumbusho ya London, kwenye chumba cha kutazamia michoro. Hulipi kitu, ila lazima uweke miadi.

Nikaletewa mchoro wa James Gillray, mchora vikatuni wa Uingereza, wa mwaka 1792. Mwanamfalme wa Wales kajiachia kitini, kashiba hadi hajiwezi, anachokonoa meno kwa uma. Kizibao kimeshindwa na tumbo, kimebaki kushikwa na kifungo kimoja, maskini. Nyuma yake chungu cha mkojo kimefurika, na chini ya chungu ndiyo ankara zake ambazo hajalipa!

Baba mtu, Mfalme George wa Tatu, naye hakuachwa. Mwezi uleule Gillray alimtoa na suruali yenye kiraka, anakula yai la kuchemsha, mkewe anajisokomezea saladi.

Nilipoinama karibu nikaona alama ya bamba la shaba lilivyodidimia kwenye karatasi. Tindikali ndiyo iliyoichimba mistari ile kwenye bamba, na maneno yote Gillray aliyaandika kinyume ili yakichapwa yasomeke. Rangi zilipakwa kwa mkono, nakala moja moja.

Mwenye duka lililouza michoro hiyo alikuwa Bi Hannah Humphrey, na Gillray aliishi hapohapo kwake. Michoro ilitundikwa dirishani, asiye na shilingi akatazama bure. Nikaikumbuka meza ya magazeti Kariakoo: unasoma vichwa vya habari, unacheka na katuni, mpaka mwenye meza akukoholee. Tofauti ni kwamba pale kwa Bi Humphrey, mwanamfalme mwenyewe alikuwa mteja. Ananunua matusi yake kwa hela yake (au kwa mkopo, nani ajuaye).

Wakubwa hawakuishia kununua karatasi. Kuanzia 1797 serikali ya waziri mkuu Pitt ilimlipa Gillray pauni 200 kwa mwaka, kimyakimya, na wapinzani wa Pitt wakaipata habari yao. Mwaka 1820 yule mwenye kifungo kimoja, sasa ndiye Mfalme George wa Nne, mchoraji George Cruikshank akapewa pauni 100 ili asimchore tena katika mambo ya aibu. Cruikshank akazipokea. Mwaka haujaisha, akamchora tena.