Siku moja maishani mwangu: hamira, kimulimuli na jaketi ya Tasha

Saa kumi na moja na nusu asubuhi. Baridi ya Julai hapa Kasarani si mchezo. Tasha, mtoto wa sista yangu, yuko PP1 na basi yao ya shule imepata dereva mpya ambaye hajui watoto bado, sasa nimeandika karatasi, jina, geti anayoshukia, namba yangu, nikaibana na pini kifuani kwa sweta. Halafu nikaona mtoto anatetemeka nikamvalisha jaketi juu, zipu mpaka kidevuni, kwaheri anti, kwaheri mama.

Saa moja. Jam ya Thika Road, nimelala mpaka Ngara.

Saa mbili na nusu. Maabara. Hamira zangu nimezilisha asidi oleiki tangu jana, kwa sababu hamira ikipewa mafuta inaongeza peroksisomu, vile vijifuko vya kuyachomea. Protini ninayoifuata inatengenezwa nje, kwa saitoplazimu, ule ute wa seli, lakini kazi yake iko humo ndani, na mkiani kabisa ina asidi amino tatu, serini, lisini, leusini, sisi tunasema tu SKL. Hiyo ndiyo anwani. Kuna protini nyingine inaitwa PEX5 inaishika hapo mkiani na kuipeleka, na haijali hata kama mzigo umeshajikunja, mitokondria, ile mitambo ya nishati ya seli, haina huo ukarimu. Kitu kinanifurahisha kila siku ni kwamba hii SKL tuliijua kupitia kimulimuli, kile kimeng'enya kinachompa mwanga kinakaa kwa peroksisomu, na miaka ya 1980 watu wakifuatilia kinafikaje huko wakakuta ni hizo tatu za mwisho.

Saa tano, chai na mandazi. Kijana wa attachment ananiuliza, kwani kila protini ina SKL? Wapi! Insulini inaanza na kipande cha asidi amino 24, ribosomu, ile mashine ya kutengeneza protini, ikishakitoa nje tu, chembe inaitwa SRP inakidaka, kazi inapunguzwa kasi, ribosomu nzima inavutwa mpaka kwa retikulamu ya endoplazimu, ule mtandao wa utando ndani ya seli, mnyororo unaingia huku bado unatengenezwa, halafu kile kipande kinakatwa, kimemaliza kazi. Anwani ya kwenda kwa kiini, ile yenye lisini na arginini nyingi, haikatwi, maana kwetu binadamu ukuta wa kiini hubomoka seli ikigawanyika na protini lazima zirudi ndani tena. Mwanabiolojia Günter Blobel alipewa Nobel 1999 kwa kuonyesha kwamba protini inabeba anwani yake mwilini mwake yenyewe. Na tafadhali msiniletee mfano wa posta, mimi sijawahi kutuma barua.

Saa saba. Maikroskopu. Nimeunganisha protini yangu na GFP, ile protini inayong'aa kijani ya yavuyavu wa baharini, nategemea kuona vidoti, yaani peroksisomu zenyewe. Sioni kidoti hata kimoja, kijani imetapakaa seli nzima kama supu ya mchicha. Nikabadilisha slaidi, nikabadilisha lensi, nikalaumu hamira, nikalaumu mafuta, stima ikapotea dakika ishirini nikailaumu pia.

Saa tisa. Daktari amepita nyuma yangu, akaangalia, akauliza swali moja. "GFP umeibandika upande gani?"

Mkiani. Nimeibandika mkiani, baada ya SKL. Asidi amino 238 zimekaa juu ya zile tatu, PEX5 itashika nini? Miezi miwili hiyo.

Saa tisa na nusu, simu. "Madam, ni dereva wa basi, kuna mtoto hapa anasema anaitwa Tasha anakaa kwa anti, nimezunguka estate mara mbili, namba nimetolewa shuleni." Nikamwambia uncle, fungua zipu ya jaketi. Kimya kidogo. "Aah, kumbe."

Saa kumi na mbili jioni. Niko kwa matatu naandika praima mpya kwa simu, vile vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia kunakili jeni, GFP ihamie mbele, SKL ibaki peke yake mwisho. Praima ya nyuma inabeba TTACAGCTTGGA, ukiisoma kinyume na kubadilisha kila herufi na mwenzake (A na T, C na G) unapata TCC AAG CTG TAA, serini, lisini, leusini, simama. Nimeihakiki mara tatu, makanga akanipitisha stage.