Kwa Mafundi wa Pompeii

Treni ya Circumvesuviana kutoka Napoli ilijaa mpaka mlangoni, nikashuka Pompei Scavi, kituo cha magofu ya Pompeii, mji wa Kirumi uliofukiwa na volkano ya Vesuvius, shati limeloa. Wengi walikimbilia kuona maiti za plasta, yaani maumbo ya waliofia humo. Mimi nilikuwa nawatafuta mafundi.

Nilianzia nyumba ya akina Vettii, matajiri wa mji huo, iliyofunguliwa tena 2023 baada ya ukarabati wa miaka mingi. Katika chumba chenye kuta nyekundu unapita ukanda mweusi uliochorwa vitoto vyenye mabawa, kila kikundi na kazi yake. Kwa masonara niliganda. Kimoja kinapuliza moto wa tanuri kwa mrija, kingine kinagonga kwenye fuawe, na pembeni kuna mizani na kabati lenye droo. Aliyechora vifaa vile alivijua. Lakini wafanyakazi wenyewe ni wasafi mno! Bila shaka tajiri hakutaka wageni wake waone masizi.

Nikashuka hadi Via dell'Abbondanza, kwenye karakana inayoitwa ya Verus, fundi wa shaba. Ni chumba kinachotazama barabara tu. Ukienda mbiombio unakipita. Humo, mwaka 1912, vilipatikana vipande vya chuma na shaba vya groma, kifaa cha mpima ardhi: msalaba wa mikono minne juu ya mti, kila ncha imening'iniza timazi. Warumi walikitumia kunyoosha barabara na kugawa mashamba. Sasa kimehifadhiwa makumbusho ya Napoli. Kilifuata nini kwa fundi? Mimi nasema kililetwa matengenezo, mlipuko wa mwaka 79 ukatokea mwenyewe hajakifuata. Aliyewahi kumwachia fundi redio yake ataelewa.

Milango michache mbele ni kwa dobi Stephanus. Zamani nguo zilikanyagwa kwa miguu kwenye maji yenye mkojo, kwa hiyo harufu ya mtaa huu sitaki hata kuiwaza.

Barabara hiyohiyo ina duka la Verecundus, na hapo ndipo nilipofurahi zaidi. Ukutani Venus, mungu wa kike wa mapenzi wa Warumi, yuko juu ya gari linalokokotwa na tembo wanne. Chini yake mafundi, vifua wazi, wanashindilia sufu kwenye joto wapate kitambaa kizito. Hawa wanafanya kazi kweli. Kando yao Verecundus mwenyewe ameinua nguo iliyokamilika ili wapita njia waione, na jina lake limeandikwa chini ya miguu yake.